Kadi za Mkono wa Kushoto

Tulipomaliza matanga ya Mama tulikaa chini, sisi mabinti zake, kugawana vitenge. Dada yangu Gaudensia ndiye aliyezamisha mkono hadi chini ya sanduku la bati akatoa kitu kilichofungwa ndani ya foronya kuukuu. Nilidhani ni karatasi za shamba. Kumbe ilikuwa kadi ya harusi, tena harusi ya Gaudensia mwenyewe: manila ya rangi ya krimu, imekunjwa katikati, kingo zimekatwa kwa mkasi wa meno. Kabla ya kuifungua aliinusa, na mimi nikampokonya nikainusa pia, maana kwetu hakuna anayeachiwa kunusa peke yake. Ilinukia nta ya mshumaa na, kwa mbali sana, wino wa chupa.

"Angalia," dada akasema. "Hakuna hata nukta iliyohama."

Mkiona tunashangilia nukta ambayo haikuhama mtatuona vichaa, ila hamkuwepo nyumbani kwetu Katandala, mjini Sumbawanga, kipindi kile kadi hizo zilipoandikwa. Nyumba nzima ilipumua kwa mashaka. Nilikuwa darasa la kwanza, na nilikuwa na sababu zangu za kuomba wino ule ukauke haraka, sababu ambazo sikumwambia mtu.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena. Dada zangu walikuwa wamepanga foleni ya sabuni. Mimi nilifungua macho nikakuta sabuni za rangi tatu, mitumba imetandazwa sokoni, na vitu vya kila namna vikipanda kutoka Tunduma kwenye malori yenye vumbi. Na kadi za harusi nazo zikaja. Familia zilizojiweza zilichapisha za kwao Mbeya, zenye maua ya dhahabu na njiwa wawili, na aliyepata kadi kama hiyo aliiegemeza kabatini karibu na sanamu ya Bikira Maria, ikakaa pale hata wale maharusi wakawa wameshagombana na kupatana. Gaudensia alipoposwa, kadi za Mbeya zilikuwa mbali na uwezo wetu. Hakulia. Alikata tu manila kwa wembe na rula, akakunja, akakatia kingo kwa mkasi wa fundi cherehani ambaye yeye alikuwa akijifunza kazi kwake, zikapangwa mezani tupu zikisubiri maneno.

Shangazi Skolastika, dada mkubwa wa baba, alikuwa amekuja kutoka Mwimbi kusimamia mambo, kama ilivyo haki ya shangazi. Alikuwa mrefu, mkavu, na hakuwahi kukaa kwenye kiti bila kwanza kukitikisa kuona kama kinalegea. Aliangalia lile rundo la manila, akauliza, "Nani ataandika?"

"Mimi," Mama akasema.

Shangazi akaweka kikombe cha chai chini. "Kwa mkono upi, wifi?"

"Kwa mkono unaoandika."

Mama alikuwa wa kushoto. Alikata mboga kwa kushoto, alichochea ugali kwa kushoto, na jembe lake lilikuwa limelika upande ambao hakuna jirani aliyeweza kuliazima akalifurahia. Hayo yote Shangazi aliyazoea. Lakini kuna mambo mkono wa kushoto haufanyi. Haumpokei mgeni, haumpi mtu chakula, na mtoto anayempa mkubwa kitu kwa mkono huo huambiwa arudi aanze upya.

"Hizi zinakwenda Milepa kwa wakwe," Shangazi akasema. "Watu wenyewe wamehama na ng'ombe zao kutoka kaskazini huko, ndiyo kwanza wanatujua. Watasema Wafipa wametuma salamu kwa mkono wa chooni."

"Kadi haina mkono, wifi. Kadi ina maneno."

"Haya, tuyaone hayo maneno."

Mama akachovya kalamu ya nibu, akaandika kadi ya kwanza pale pale mbele yetu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, nasema hivyo na sisemi kwa kuwa ni mama yangu. Herufi zake zilinenepa zikishuka na kukonda zikipanda. Tabu ilikuwa moja. Mtu wa kulia akiandika, mkono wake unatangulia kwenye karatasi tupu na maneno yanabaki nyuma yakikauka kwa amani. Mtu wa kushoto anayafuata maneno yake mwenyewe kwa kiganja. Alipofika mwisho wa mstari, neno *Familia* lilikuwa limeburuzwa hadi likaonekana lina mkia, na jina la dada yangu lilikuwa doa la bluu.

Shangazi hakucheka, na ingekuwa afadhali angecheka. Aliweka kidole gumba juu ya lile doa, akakiinua, akatuonyesha kilivyopakaa.

"Mimi nakwenda Mwimbi kufuata ulezi wa pombe," akasema. "Nikirudi nikakuta kadi safi, za Milepa nitazipeleka mimi kwa mikono yangu miwili. Nikikuta hivi, ataandika karani wa parokia, na hatutaongea tena habari hii."

Wote tukamtazama Baba. Baba alikuwa fundi baiskeli, mtu mpole, na katika maisha yake yote nilimsikia akitoa uamuzi mmoja tu, ambao ni "Tutaona."

"Tutaona," Baba akasema.

"Utazikuta," Mama akamwambia Shangazi, na akaanza kuondoa vyombo.

Gaudensia alijaribu kumwonea huruma. Alimfuata jikoni akamwambia, "Mama, basi tumpe tu karani. Mwandiko wake si mbaya." Mama alikuwa anapuliza moto. Alijibu bila kugeuka: "Nimekuzaa, nimekulea, nimekufundisha hata kufunga kitambaa. Nikukabidhi kwa watu kwa mwandiko wa karani? Sitaki." Nilikuwa nimeshika mlango, na nakumbuka lile *sitaki* lilivyokuwa fupi.

Alikuwa na lake moyoni, ambalo nililijua baadaye kwa vipande vipande. Aliposoma shule, mkono wake wa kushoto ulifungwa kwenye dawati kwa kitambaa ili wa kulia ujifunze. Wa kulia haukujifunza. Uliandika mwandiko wa kuku, akachekwa, akaambiwa kichwa chake kizito, mwishowe akaacha shule akarudi kulima. Mwandiko ule mzuri aliupata mwenyewe nyumbani, akiandika kwa kijiti kwenye majivu ya jikoni asubuhi kabla hayajazolewa. Majivu hayaburuziki kama wino, wala hayakumfunga mtu mkono.

Sasa niwaeleze mashaka yangu mimi. Katekista alikuwa ametufundisha habari ya siku ya mwisho, kwamba kondoo watawekwa kulia na mbuzi kushoto, na mbuzi hawana bahati. Alichora ubaoni. Mimi pia ni wa kushoto. Darasani mwalimu wetu alikuwa na rula, na kila aliponikuta nimeshika penseli kwa mkono ule aliigonga mifupa ya vidole vyangu, si kwa ukatili, ila kama mtu anayemfukuza kuku kwenye unga. Nikajifunza kutumia wa kulia shuleni na wa kushoto nyumbani, na sikumwambia Mama. Niliona aibu, kama vile nimeiba kitu chake.

Halafu nikaona ule wino. Jioni ile Mama aliposhika kikombe, ubavu mzima wa kiganja chake cha kushoto, kuanzia kidole kidogo hadi kifundo, ulikuwa wa bluu, na alipousugua kwa sabuni haukutoka. Mimi alama hiyo nilikuwa naijua. Mnadani, mnunuzi akishachagua mbuzi wake humpaka rangi ubavuni ili asichanganyike na wa wengine. Nikajumlisha mambo yangu ya darasa la kwanza, jibu likaja lenyewe: Mungu ameanza kuweka alama, na ameanza na Mama. Nilijificha nyuma ya nyumba nikaangalia kiganja changu. Kilikuwa bado. Sikufurahi hata kidogo. Nilijua zamu yangu inakuja, na jambo la kuokoa lilikuwa moja tu, wino usimguse tena Mama. Kwa hiyo katika vita ile ya kadi hakuna askari aliyekuwa na bidii kama mimi.

Na ilikuwa vita kweli. Ilikuwa kipupwe, na aliyekaa Sumbawanga kipindi hicho anajua baridi yake. Wino unaganda kwenye nibu asubuhi, na mchana upepo unaleta vumbi la barabarani linakaa juu ya kila kitu kibichi. Mama alianza na chaki. Aliiponda, akanyunyiza juu ya kila neno alipoliandika. Wino ukakauka lakini ukapauka, maneno yakawa kama ya mtu anayenong'ona. Akajaribu karatasi ya kukaushia wino, nayo ikanywa kila kitu, unene na wembamba, zikabaki herufi zenye kiu. Akajaribu pasi ya mkaa. Ile pasi ilikausha vizuri kabisa, ikakunja manila kama kaukau za viazi, na cheche ikatoboa tundu mahali penye jina la bwana harusi.

"Ishara mbaya," jirani mmoja akasema kupitia ua.

"Ishara ya pasi mbovu," Mama akamjibu.

Kalamu ya kawaida ya dukani ilikuwepo, na Gaudensia alimletea. Mama aliandika mstari mmoja, akaunyosha mbali na macho. Maneno yalikaa kwenye manila kama uzi. "Hii ni ya kuandikia namba za ng'ombe," akasema, akairudisha. Siku iliyofuata dada akaja na wazo lake mwenyewe, kwamba unga laini wa mahindi utafyonza wino kuliko chaki. Wakanyunyiza. Ulifyonza! Tulishangilia, tukazipanga kadi juu ya kabati tukalala. Asubuhi tulikuta panya wamekula pembe zote nne za kila kadi, wameacha katikati, kwa heshima ya maharusi nafikiri.

Manila ikaanza kupungua. Baba alipita, akaangalia kadi zilizotafunwa, akafungua mdomo.

"Usiseme tutaona," Mama akamwambia.

Baba akafunga mdomo, akaenda dukani akarudi na manila nyingine. Nawaambia, katika ndoa yao hilo lilikuwa tamko kubwa.

Kitu kimoja kilifanya kazi. Mama aligundua kwamba akisugua mshumaa juu ya maandishi yaliyokwisha kukauka, halafu akapitisha kitambaa, hata kidole chenye maji hakiwezi kuyatia doa. Huo ndio ule mnuko wa nta. Lakini nta ilikuwa ya mwisho wa safari, na yeye alikuwa anapotelea njiani. Kati ya kalamu na kukauka palikuwa na kiganja chake, na kiganja hakikuwa na pa kwenda. Alijaribu kukiinua hewani akiandika, mkono ukatetemeka. Alijaribu kukikunja juu ya mstari kama mtu anayekumbatia sufuria, shingo ikamuuma. Na kila jioni mimi nilitazama ule ubavu wa bluu ukizidi kukolea, nikasali sala zote nilizozijua, pamoja na ile ya kubariki chakula.

Siku aliyotarajiwa Shangazi ilikaribia, na nyumba ilibidi isiribwe. Chumba cha mbele kilikuwa na saruji, lakini jiko la nje lilikuwa la udongo, na wageni wa harusi hawawezi kukuta jiko lenye nyufa. Mama alichanganya udongo na samadi, akapiga magoti kwenye pembe ya mbali, akaanza kupaka kwa mkono kwa zile nusu duara zake. Mimi kazi yangu ilikuwa kusogeza ndoo. Nikaisogeza, nikaiweka ndani, mbele yake, nikajikuta nimesimama kwenye kipande kikavu kando ya ukuta ambako kila njia ya kutokea ilikuwa mbichi.

"Wewe!" akaniambia. "Utatokea wapi sasa? Sakafu inaanzwa mbali inaishia mlangoni. Unarudi nyuma. Ukiwa na akili unarudi nyu—"

Alikuwa amepiga magoti, mkono wa kushoto umejaa udongo, ametazama ile sehemu aliyomaliza, inang'aa, haina hata alama ya kidole. Akatazama magoti yake, yaliyokuwa mahali pakavu. Halafu akainuka, akatoka, akaniacha pale kisiwani na ndoo yangu. Nilipiga kelele. Hakuja. Mwishowe nikavuka, na zile nyayo zangu zikabaki jikoni kwetu mpaka harusi ikapita.

Nilimkuta mezani. Alikuwa ameosha mikono mpaka viwiko. Aliichukua manila, akaiweka kama kawaida, kisha akaizungusha taratibu mpaka ile sehemu ya juu ikawa imeangalia mkono wa kulia. Mistari sasa haikwenda kutoka kushoto kwenda kulia. Ilitoka mbali, upande wa dirishani, ikaja moja kwa moja kifuani kwake. Akachovya. Akaandika herufi ya kwanza kule mbali, imelala ubavu, kisha ya pili karibu kidogo, ya tatu karibu zaidi, na kiganja chake kikawa kinarudi nyuma kwenye karatasi kavu, kinarudi nyuma, kama mtu anayesiriba kuelekea mlangoni. Mstari wa pili ulikaa kushoto kwa wa kwanza, mahali ambapo bado palikuwa pakavu. Alipomaliza aliigeuza kadi ikasimama wima, na maneno yote yakasimama nayo.

*Familia ya Bwana na Bibi Alfonsi wa Katandala inayo furaha kukualika.* Ilikuwa safi kama imechapwa, ila chapa haina ule unene na wembamba.

Mama hakushangilia. Alivuta nyingine. Aliandika mpaka jua likaingia dirisha la pili, nami nikazibeba moja moja kwa ncha za vidole nikazipanga kitandani kwao, mbali na vumbi na mbali na panya, na zilipokauka dada akazisugua mshumaa. Hakuna aliyekumbuka chakula. Baba alirudi akakuta kitanda chake kimejaa mialiko, akakaa sakafuni.

Jioni, alipokuwa anaosha nibu, niliushika mkono wake wa kushoto nikaugeuza. Ile rangi ya zamani ilikuwa imeshaanza kufifia, na mpya haikuwepo. Nikaanza kulia kwa sauti.

"Nini tena?"

"Hutaenda na mbuzi," nikasema.

Ilimchukua muda kunitoa maneno. Nilimweleza habari ya katekista, ya rangi ya mnadani, na kwa kuwa mlango ulishafunguka, habari ya rula nayo ikatoka. Nilipofikia ile ya mbuzi alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge. Nilipofikia ile ya rula aliacha kucheka. Akanisimamisha mbele yake, ana kwa ana.

"Inua mkono wako wa kushoto." Nikainua. Na yeye akainua wake wa kulia, ukawa umekabiliana na wangu. "Unaona? Yesu akikaa pale anatutazama. Kushoto kwake ni kulia kwetu. Sasa wenye wasiwasi na mbuzi ni akina nani?"

Nikafikiri. "Akina Shangazi?"

"Hilo usimwambie Shangazi," akasema. "Wala Padre."

Asubuhi alijifunga kitenge kipya akanipeleka shule mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kwa maana tangu alipofunguliwa mkono kutoka kwenye dawati hakutaka kukanyaga darasa. Mwalimu wetu alikuwa binti mdogo kutoka chuoni, na alitusalimia kwa adabu, shikamoo mama. Mama akaitikia marahaba, akampa kadi kwa mikono miwili.

"Karibu kwenye harusi ya binti yangu, mwalimu."

Mwalimu akaisoma, akaigeuza, akapitisha macho tena. "Jamani, mmechapisha wapi?"

"Nimeandika mimi, kwa mkono huu," Mama akasema, akauonyesha. "Na huyu mtoto ana mkono kama wangu. Mimi walinifunga, mwalimu, nikaacha shule. Naomba huyu usimfunge."

Mwalimu alitazama kadi, akanitazama mimi, na akaona haya usoni kama mtoto. "Sisi ndivyo tulivyofundishwa, mama," akasema. "Lakini nimesikia." Tangu siku hiyo alipopita kwenye dawati langu aliangalia daftari tu. Na harusini alikuja, akacheza hadi kiatu kikakatika.

Shangazi alirudi na gunia la ulezi, na vumbi la Mwimbi hadi kwenye nyusi. Alimkuta Mama anamalizia za mwisho. Alisimama mlangoni akaangalia: mwanamke ameinama, karatasi imelazwa upande, kalamu mkono wa kushoto, herufi zimelala kama wagonjwa. Na ninyi mnaojua sifa za uchawi ambazo nchi hii imeipa Sumbawanga, chekeni tu.

"Wifi," Shangazi akasema taratibu, "unaandika au unaagua?"

"Naandika. Karibu, pole na safari."

Shangazi alitikisa kiti, akakaa, akaomba za Milepa. Gaudensia akamletea. Alikuwa hasomi vizuri, lakini hakuhitaji kusoma. Alitafuta mahali penye jina la bibi harusi, akaweka kidole gumba chake juu yake, akakandamiza, akaburuza mpaka ukingoni. Gaudensia alifumba macho. Shangazi akaangalia kidole. Akakilamba, akaburuza tena kikiwa na mate. Akaangalia tena kidole, safari hii karibu na dirisha.

"Haitoki," akasema.

Basi, hilo tu. Hakuomba radhi, wala Mama hakuidai. Alivua khanga yake ya safari, akatoa nyingine safi kwenye mzigo wake, akazifunga zile kadi, na kesho yake akateremka bondeni hadi Milepa kuzikabidhi kwa mikono miwili, kama alivyosema. Baadaye wakwe walituambia kwamba aliwaeleza, bila kuulizwa, kwamba mwandishi ni wifi yake na kwamba mkono wake hauna mfano Ufipa nzima. Mkono upi hakuwaambia.

Harusi yenyewe mnaweza kuikisia. Kilichonirudisha kwenye kadi hizi, hata kabla ya kufungua lile sanduku, ni siku tulipomzika Mama, mwaka huu, kipupwe kile kile. Seremala alileta msalaba wa mbao umepakwa rangi nyeupe, jina halijaandikwa, na kopo la rangi nyeusi pembeni. Vijana wa jumuiya walikuwa tayari. Mmoja alishika brashi. Nilimwambia, "Nipe." Akasema, "Dada, pumzika, wewe ni mfiwa, hii tutaimaliza sisi." Nikamwambia sitaki, na nilijisikia nikilisema fupi.

Tuliulaza msalaba juu ya benchi. Nikauzungusha mpaka ule mkono wake wa kushoto ukawa mbali, na wa kulia umenielekea kifuani. Nikaanza kule mbali, herufi ya kwanza ya jina lake imelala ubavu, na kiganja changu cha kushoto kwenye mbao kavu.

"Msalaba ameulaza kombo," yule kijana akamnong'oneza mwenzake. "Hebu msaidie bwana, atauharibu."

Shangazi Skolastika alikuwa amekalishwa ukutani, amejifunika blanketi. Amezeeka sasa, macho yameingia ukungu, na tulidhani amesinzia.

"Mwacheni," akasema. "Mama yake ndivyo alivyoandika."

Niliandika nikirudi nyuma, jina la ubatizo, jina la baba yake, mpaka nikafika ukingoni. Rangi ilikauka kwa ule upepo. Walipokuwa wanataka kuuinua waupeleke, Shangazi aliomba asaidiwe kusimama. Alipapasa ubao mpaka akalipata jina la wifi yake, akaweka kidole gumba juu ya herufi ya kwanza, akaburuza pole pole hadi ya mwisho. Kisha akanipa kile kidole mimi nikiangalie, kwa kuwa yeye hakioni tena.

"Limetoka?" akauliza.

"Halikutoka, Shangazi."

"Haya," akasema. "Mpelekeni."